Muziki wa kielektroniki kwa filamu ya uhuishaji isiyo na hadithi: je, kila mwendo uwe na mlio wake?

Swali

Ndugu zangu, natunga muziki wa kielektroniki wa filamu ya uhuishaji ya dakika sita, isiyo na mhusika wala hadithi: maduara meupe hupasuka gizani yakawa mistari, kisha mistari hujikunja ikawa maduara tena. Katika rasimu ya kwanza nililipa kila duara linalopasuka mlio wake. Nilipoitazama usiku kwa utulivu, baada ya dakika moja na nusu masikio yalikuwa yamechoka, na kilichonisumbua zaidi ni kwamba hata macho yaliacha kushangaa. Nikafuta milio yote, nikaweka mvumo mmoja mrefu wa sinthesaiza, ile ala ya kielektroniki ya kutengenezea sauti. Hapo picha na sauti zikawa kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Naomba ushauri wa waliowahi kupita njia hii.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, swali lako lilikuwapo kabla ya sinthesaiza tunazozitumia leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Oskar Fischinger na Rudolf Pfenninger, wote wawili wakiwa Ujerumani, walichora maumbo kwenye karatasi na kuyapiga picha kwenye ule ufito mwembamba wa sauti ulio kando ya picha za filamu. Mwanga hupenya ufito huo, kifaa kinachohisi mwanga huugeuza kuwa umeme, na umeme huishia kwenye spika. Kwa hiyo kinachochorwa ndicho kinachosikika. Ukichora mistari 20 iliyolingana ndani ya kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu, na filamu ikipita fremu 24 kwa sekunde, unapata mitetemo 480 kwa sekunde, yaani noti kamili ambayo hakuna ala iliyoipiga.

Norman McLaren, aliyefanya kazi katika Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, aliifikisha njia hii mbali katika filamu yake Synchromy ya mwaka 1971. Alitunga muziki kwanza kwa kupiga picha kadi zenye mistari, kisha akaichukua mistari ileile ya sauti, akaitia rangi na kuileta mbele ya macho ya mtazamaji. Mistari ikisongamana sauti hupanda, ikiachana hushuka. Katika kazi hiyo sauti haiifuati picha wala picha haiifuati sauti, kwa kuwa zote zimetoka katika mchoro mmoja. Nadhani rasimu yako ya kwanza ilichosha kwa sababu sauti ilikuwa ikikimbia nyuma ya picha. Tafuta kanuni moja itakayoziongoza zote mbili: kwa mfano, duara likipanuka, chujio la sinthesaiza, yaani sehemu inayozuia au kuachia sauti za juu, lifunguke kwa kasi ileile, bila mlio wowote wa kupasuka.

Jibu la pili

Naongeza jambo la hesabu, maana wengi hulipuuza kisha wakahangaika nalo mwishoni. Kwa fremu 24 kwa sekunde, mwendo wa mapigo 120 kwa dakika huipa kila pigo fremu 12 kamili, mapigo 96 hulipa fremu 15, na mapigo 90 fremu 16. Ukichagua mapigo 100, kila pigo linachukua fremu 14.4, na mapigo mengi yataangukia kati ya fremu mbili. Muulize mchoraji wako anahesabu fremu ngapi kutoka tukio moja hadi jingine, ndipo uchague mwendo.

Jibu la tatu

Nakubaliana na wenzangu, ila sehemu tu. Kanuni moja ikishikwa kwa ukali kupita kiasi huzaa zoezi la hesabu, na mtazamaji huligundua mapema. Mimi hurudi mara nyingi kwenye filamu Blinkity Blank ya mwaka 1955, ya McLaren huyohuyo, ambamo picha zilikwaruzwa moja kwa moja juu ya filamu nyeusi na fremu nyingi kati yake zikaachwa tupu. Jicho linayaunganisha yaliyoachana. Sikio nalo lina uwezo huo, na sisi watungaji tunasahau kuutumia. Maduara yakipasuka sita mfululizo, sikilizisha la kwanza na la mwisho, mengine yaache yapite kimya.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Mchoraji amenieleza kwamba anahesabu kwa fremu 16, kwa hiyo nimehamia mapigo 90. Kwenye mfululizo wa maduara sita, ulio katika dakika ya pili, nimebakiza milio miwili, na mvumo unafunguka na kufunga pamoja na upana wa maduara. Nilipomwonyesha, mchoraji alisema amesikia yote sita. Sehemu ya mistari kujikunja bado sijaigusa, kwa kuwa mwendo wake hauna mahali unapoanzia, na hapo nitajaribu kuchora sauti yenyewe fremu kwa fremu.