Mjadala: Je, Kiswahili kina bunilizi za kisayansi za kumpendekezea msomaji?

Kila msomaji anapoomba apendekezewe bunilizi za kisayansi au riwaya za fantasia, huzuka hoja ileile kwamba Kiswahili hakina vitabu vya namna hiyo, na kwamba vinavyotajwa ni mafumbo ya kisiasa tu. Ninaipinga hoja hiyo, na kitabu ninachokitanguliza ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995. Dzombo, mhusika wake mkuu, amehukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo cha angani na kurushwa akafie huko. Badala ya kufa anafaulu kukiendesha, na anatua katika ulimwengu ambao watu wake wanaishi kwa usawa asioujua alikotoka.

Ni kweli kwamba Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani nchini Kenya katika miaka ya 1980, alikuwa na lake la kusema kuhusu utawala na mali. Hata hivyo, bunilizi za Ulaya na Marekani nazo zimejaa siasa tele, wala hakuna anayezivua jina lake kwa sababu hiyo.

Kwa maoni yangu, kinachotuponza ni namna tulivyozoeshwa kusoma kwa ajili ya mtihani. Kusadikika ya Shaaban Robert ni nchi iliyo angani, inayotuma wajumbe pande sita, zikiwemo mbinguni na ardhini, lakini mwanafunzi huulizwa dhamira na ukoloni peke yake. Katika Adili na Nduguze, kitabu kingine cha Shaaban Robert, Adili huwachapa manyani wawili kila usiku, kisha huwabembeleza na kuwalisha, kwa kuwa manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa nguvu za kijini. Tukio hilo linatisha na kutia huzuni kabla msomaji hajawaza maadili yoyote, na ladha hiyo ndiyo anayoitafuta mpenzi wa fantasia.

Wapo watakaotaja Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Ninaiheshimu mno, ila simpi anayeanza, kwa sababu inamdai msomaji uvumilivu ambao bado hajaujenga. Huyo na aanze na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo marehemu anarudi kumsaili mjukuu wake, kisha aende kwenye Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila.

Wapinzani wana hoja moja nzito: riwaya ambazo sayansi yenyewe, pamoja na mashine na maabara zake, ndiyo inayosukuma kisa, bado ni chache mno. Hiyo ni sababu ya kuwadai waandishi na wachapishaji zaidi, si ya kuvinyamazia vilivyopo. Kwa hiyo ninaomba wanaopinga watueleze: ni kigezo gani kinachoiondoa Walenisi kwenye orodha, na ambacho hakitaziondoa pia nusu ya riwaya za Kiingereza wanazotupendekezea?