Je, uthubutu wa wanaume ndio unaoleta faida?

Katika kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Dodoma, mwanachama mmoja alipendekeza kwamba kamati itakayoamua akiba yetu iwekezwe wapi iwe ya wanaume watupu, kwa hoja kwamba mwanamke huogopa hasara na kwa hiyo hukosa faida. Naipinga hoja hiyo.

Mwaka 2001 watafiti wa masuala ya fedha, Brad Barber na Terrance Odean, walichapisha uchunguzi wa kaya zaidi ya 35,000 za Marekani zilizokuwa zikinunua na kuuza hisa kati ya mwaka 1991 na 1997. Waliona kwamba wanaume walinunua na kuuza kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na kwamba pilikapilika hizo zilipunguza faida yao halisi kwa pointi 2.65 za asilimia kila mwaka, ilhali kwa wanawake upungufu ulikuwa pointi 1.72. Tusiongeze chumvi hapa: wanawake hawakuwa hodari zaidi wa kuchagua hisa, maana wote, wake kwa waume, waliuza hisa ambazo baadaye zilifanya vizuri kuliko zile walizonunua. Wanawake walilirudia kosa hilo mara chache zaidi, na hivyo wakalipa kamisheni chache zaidi.

Nakubali kwamba woga nao una gharama, kwa sababu fedha inayolala kwenye sanduku la kikundi huliwa na mfumuko wa bei. Lakini mama anayeuza mboga soko la Majengo, ambaye ada ya watoto hutoka katika mtaji huohuo, na ambaye pengine hana hata kiwanja chenye jina lake, anapochagua hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali fedha zake, zinazolipa riba kila baada ya miezi sita, badala ya kukimbilia viwanja vya kuuza tena kama wengi walivyofanya tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, siwezi kumwita mwoga. Amepima hasara anayoweza kuibeba, na mwanamume mwenye mzigo kama wake angepaswa kupima vivyo hivyo.

Napendekeza kila anayeomba kuingia kwenye kamati, awe mwanamke au mwanamume, aje kikaoni na daftari lake, atuonyeshe alinunua nini, aliuza lini, alilipa gharama gani, na mwishoni alibaki na shilingi ngapi.