Mafundi, acheni kutuuzia rangi ya kuzuia maji kwenye nyumba mlizojenga bila DPC, ile nailoni inayolazwa juu ya msingi kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Leo fundi mwingine kamwambia mama yangu anunue ndoo ya lita 20 ya rangi ya kuzuia maji, apakiwe ukuta wa sebule, eti unyevu utakoma. Ndoo ya mwaka jana bado iko stoo na robo ya rangi ndani yake. Ile iliyopakwa imeshabanduka magamba magamba, inafagiliwa kila asubuhi.

Nyumba iko Kigamboni, ya vyumba vitatu. Bi mkubwa kaijenga kwa kiinua mgongo cha ualimu. Ukivuta kochi utaona mstari wa unyevu umezunguka ukuta mzima karibu na usawa wa kiuno, juu yake pakavu, chini yake rangi imevimba malengelenge. Bonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba: linapasuka, unamwagika unga mweupe wa chumvi, na plasta iliyo nyuma yake unaikwangua kwa ukucha. Kabati la nguo limeoza mgongo. Vitenge vyake vya kutunza, vile vya harusi za watoto, vimeshika ukungu.

Juzi nikatafuta kijana tukachimba pembeni ya ukuta, mbele na nyuma. Mbele, pale barazani ambapo mama alikuwa akiweka kiti kusimamia kazi, ile nailoni nyeusi ya DPC ipo, imechomoza vizuri kabisa. Ukuta wa nyuma hakuna. Upande wa vyumbani hakuna. Fundi kaweka kipande mwenye nyumba akione, kwingine kote akapandisha tofali juu ya msingi moja kwa moja. Risiti ya roli za DPC mama anayo mpaka leo. Roli zenyewe zilikwenda wapi anajua fundi na Mungu wake. Huu ni wizi, na umefanywa kwa mstaafu ambaye hana mshahara mwingine unaokuja.

Sasa kwa nini nasema rangi ni utapeli? Kwa sababu tofali la saruji na mota (ule mchanganyiko wa saruji na mchanga unaoshikanisha matofali) vina vinyweleo, na maji ya ardhini yanapanda humo yenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari. Yakishavuka usawa wa ardhi yanakaukia kwenye uso wa ukuta na kuacha hapo chumvi yote yaliyoibeba. Kwa kawaida hayazidi sana mita moja, kwa kuwa hapo yanayokauka yanalingana na yanayopanda. Ukishaziba uso kwa rangi nzito, maji hayarudi chini. Yanapanda juu zaidi kutafuta upenyo, na chumvi inajikusanya nyuma ya rangi hadi inaisukuma ibanduke. Fundi anaitwa tena, anakwangua, anapiga skimu (ile plasta nyembamba ya kulainisha), anapaka upya, analipwa upya. Na zile tailizi za nje ambazo siku hizi mtaa mzima umebandika kuzunguka nyumba ni hadithi ileile. Zinaficha doa tu. Likipata nafasi linatokea juu yake.

Visingizio nimevisikia vyote. "Mama, nyumba ni mpya, hayo ni maji ya ujenzi." Mwaka wa kwanza nakubali, plasta na zege vina maji mengi ya kukauka. Nyumba imepita masika kadhaa, bado maji ya ujenzi? "Mama, huku Kigamboni ni pwani, nyumba zote ziko hivyo." Uongo. Jirani yake wa uzio mmoja kajengewa na fundi aliyezungusha DPC nyumba nzima, kuta zake kavu, na udongo ni uleule.

Kuhusu pwani, lipo jambo la kweli ambalo mafundi hawalisemi. Mchanga wenye chumvi ya bahari, au maji ya kisima cha chumvi, vikiingia kwenye mota na plasta, ile chumvi inavuta unyevu wa hewani. Ukuta unatokwa jasho siku za mawingu hata kama hakuna tone linalopanda kutoka chini. Kwenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na nguzo ni hatari zaidi, maana chumvi inakula nondo, kutu inavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Maji baridi ya boza ni ghali, najua. Lakini fundi anayechota kisima cha chumvi kimyakimya huku bajeti inasema boza, huyo naye anaiba.

Kabla hujatoa hata shilingi, jua kwanza maji yanatoka wapi, kwa sababu siyo kila doa ni DPC. Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Umande ukijaa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu uko ndani ya ukuta. Ukikaa juu ya nailoni upande wa chumba, shida ni hewa: chumba hakipumui, madirisha yanafungwa kutwa. Doa linaloshuka kutoka juu ni la bati au gata, na kwenye hizi nyumba za paa la kuficha angalia kwanza pale bati linapokutana na ukuta. Doa lililo jirani na bafu au jiko, funga koki zote usiku na usome mita. Asubuhi ikiwa imesogea, bomba linavuja. Hakuna fundi hata mmoja aliyefanya lolote kati ya haya kwa mama. Wote walifika, wakaangalia dakika mbili, wakataja rangi.

Ikithibitika ni maji ya ardhini, anza nje. Angalia kama udongo, kifusi au paving zimepandishwa kuliko usawa wa jamvi la ndani, yaani zege la sakafu. Hili limeua nyumba nyingi Dar: DPC ipo, imewekwa vizuri, halafu mwenye nyumba analetewa kifusi cha kunyanyua uwanja na paving juu yake, maji yanairuka DPC kama haipo. Uwanja unatakiwa uwe chini ya DPC kwa sentimita 15 hivi. Shusha, hata kama paving ni mpya na inauma. Weka gata maji ya paa yasimwagike miguuni mwa ukuta, na zungusha zege jembamba linalomwaga maji mbali na nyumba. Baadhi ya nyumba hapo tu zinapona.

Zisipopona, dawa ni kuweka kizuizi ambacho hakikuwekwa. Njia moja ni kukata mstari wa mota juu ya msingi na kuingiza DPC kipande kwa kipande, chini ya mita moja kwa zamu, unajaza mota ngumu na kuiacha ishike ndipo unahamia kipande kingine kisichopakana nacho. Fundi akikwambia atakata ukuta mzima kwa siku moja, mfukuze, atakuangushia nyumba. Njia nyingine ni kutoboa matundu kwenye mota kila sentimita 10 hadi 12 na kujaza krimu maalumu inayosambaa na kuzuia maji. Baada ya hapo plasta yote yenye chumvi inatoka, hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Chumvi isugue kwa brashi kavu. Ukiimwagia maji unairudisha ndani. Acha ukuta ukauke miezi, siyo wiki, ndipo upige plasta na rangi. Ni kazi ndefu na ya gharama, ndiyo maana hakuna fundi anayeitaja.

Nanyi mnaojenga sasa, siku ya DPC usiende kazini. Simama hapo uone inazungushwa kuta zote, za ndani na za nje, mapande yakipandana angalau sentimita 15. Piga picha kila kona kabla tofali halijaja juu. Chini ya jamvi nako litandikwe nailoni gumu la geji 1000, lisilotobolewa na kokoto. DPC ni kati ya vitu vya bei nafuu kabisa kwenye nyumba nzima, na ndicho kitu ambacho huwezi kukirudia kwa bei hiyo tena.

Manispaa nao. Kibali tulikata, ada tulilipa, hakuna mkaguzi aliyekanyaga kwenye msingi ule. Ghorofa likianguka kama lile la Kariakoo Novemba 2024 tunaunda tume. Nyumba ya mstaafu ikioza taratibu, anaambiwa anunue rangi.

Ninachohitaji: kama kuna mtu hapa Dar ameshafanyiwa kazi ya kukata ukuta na kuingiza DPC kwa zamu, au ya krimu, na ukuta umekaa mkavu masika mawili, aje aseme ilikuwaje na kwa mita moja alilipa shilingi ngapi. Picha za kabla na baada zitasaidia. Wauza rangi nawaomba mpite kimya.