Babangu ana sukari na presha: hizi ni dalili za figo au ni uzee?

MwanaKisauni
Assalam aleikum. Babangu ana miaka 61, sukari na presha anazo za muda mrefu. Siku hizi akiamka macho yamevimba, jioni soksi zamwacha alama, na usiku haachi kwenda chooni. Mgongo haumuumi na mkojo watoka wa kutosha, kwa hivyo nyumbani wasema figo ni nzima. Sukari nayo imeshuka vizuri, na dawa ni zile zile. Tukapime nini?

Tabibu_Changamwe
Waaleikum salaam, ndugu. Hiyo sukari kushuka ndiyo yanitia wasiwasi zaidi. Figo ndizo zinazosaidia kuondoa insulini mwilini. Zikidhoofika, insulini na vidonge vya sukari kama glibenklamaidi hukaa ndani kupita muda wake, na dozi iliyokuwa ikimtosha yawa nyingi. Jamaa hufurahi kuwa mzee anapona, kumbe figo zinazidi kuchoka. Akitoka jasho, akitetemeka au akianza kusema ovyo, mpimeni hapo hapo. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na aweza kumeza, mkorogeeni vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pimeni tena baada ya dakika 15. Dozi yenyewe ibadilishwe na daktari, na wiki hii hii.

Mgongo usiwapoteze. Figo inayoliwa na sukari au presha haiumi. Maumivu ya ubavuni mara nyingi ni mawe au maambukizi. Wingi wa mkojo pia si hoja, kwa sababu figo mbovu yaweza kutoa maji kama kawaida na taka zikabaki kwenye damu.

Leo jioni mbonyeze kwenye muundi kwa kidole gumba, hesabu hadi 10, achilia. Kishimo kikibaki, ni maji yamejaa. Asubuhi tazama mkojo: povu jeupe ambalo dakika kadhaa zapita na bado lipo laonyesha huenda protini inavuja. Ila miguu huvimba pia kwa sababu ya moyo, ini, au dawa ya presha ya amlodipini, kwa hivyo msikisie.

Maabara_Tudor
Itisheni kriatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja) pamoja na kiwango cha figo kuchuja, kile kinachoandikwa eGFR. Msikubali kuambiwa tu "iko sawa", ombeni namba. Kriatinini hutoka kwenye misuli, na mzee aliyekonda aweza kuwa na namba ya kupendeza huku figo zimeisha nusu. eGFR ikiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, figo zimefeli.

Halafu mkojo wa kwanza wa asubuhi, upimwe uwiano wa albumini (aina ya protini) na kriatinini. Ukipita 30 mg/g, figo zinavuja. Kile kijiti cha kuchovya chaweza kukosa kuona uvujaji mdogo, nao ndio wa kuuwahi. Ongezeni potasiamu na wingi wa damu.

BiDawa
Magoti yakimuuma, msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni. Hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na akiwa yuatumia losartani (dawa ya presha) na dawa ya kukojoza, tena joto hili la Mombasa limemkausha, figo zaweza kuzima kwa siku chache. Parasetamoli ni afadhali. Losartani yenyewe asiiache kiholela, hulinda figo. Akiharisha au kutapika ndipo mumuulize daktari kama aisimamishe kwa muda.

Madafu wengi huyaona dawa ya figo. Kwa figo zilizodhoofika ni hatari: mililita 100 za maji ya dafu zina kama miligramu 250 za potasiamu. Futari ya tende na dafu, kwa mgonjwa ambaye potasiamu yake iko juu, yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Juisi nzito ya mbilimbi nayo asinywe kabisa, ina okzaleti nyingi inayoganda ndani ya figo.

MwanaKisauni
Shukran sana. Na ni dalili gani tusingoje miadi?

Tabibu_Changamwe
Pumzi kumkata akilala chali, mkojo kupungua chini ya mililita 400 kwa siku nzima, kuchanganyikiwa, kutapika kusikokoma, kwikwi isiyoisha pamoja na mwasho mwili mzima, au misuli kulegea na moyo kuruka mapigo. Moja tu yatosha, hata saa nane za usiku. Mpelekeni hospitali yenye mashine za kusafisha damu, kama ile ya rufaa pale Makadara. Dawa zake zote zitieni kwenye mfuko mwende nazo, na mitishamba pia, kwa sababu hiyo ndiyo wagonjwa huificha.