MJADALA: Pesa za burudani msimu wa korosho ziende kwa bendi zetu za laivu au kwa jina kubwa kutoka Dar?

Mdau wa Shangani

Wakuu, heshima kwenu. Minada ya korosho ikishaanza na wakulima wakishalipwa, kila mwenye bidhaa anataka tamasha kwenye uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, au Ilulu kwa ndugu zetu wa Lindi. Utaratibu ni uleule: jina moja kubwa linasafirishwa kilomita 560 hivi kutoka Dar, linapanda jukwaani na flashi, linaimba juu ya sauti yake iliyorekodiwa (pleibeki) dakika arobaini, basi. Bendi za hapa zinapewa saa 10 jioni, jua kali na uwanja mtupu.

Hoja yangu: tamasha lolote linalotumia uwanja wa umma au fedha ya halmashauri liwe na sharti la bendi mbili za mkoani, zipige laivu, nyimbo zao wenyewe, kati ya saa 1 na saa 3 usiku watu wakiwa wamejaa. Sharti la laivu si geni nchini. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza 2004, imejengwa juu yake, na ndiyo maana mtu anaingia Ngome Kongwe kumsikiliza asiyemjua kabisa na anatoka akitafuta jina lake. Utamu wa bendi mpya uko hapo. Hujui wimbo utaishia wapi, na wao wakipandisha sebene wanaangalia sura za waliosimama mbele ndipo waamue warefushe au wakate. Flashi haimwoni mtu.

Promota, Masasi

Kaka, nakuheshimu, ila pleibeki haikuletwa na uvivu. Mtu mmoja na flashi ni chumba kimoja, sahani moja na chaneli mbili za mikisa (mashine ya kuchanganya sauti). Bendi ya watu saba ni gari zima, vyumba, chakula mara mbili, halafu jukwaa linakaa kimya dakika 40 wakifunga vyombo. Dakika hizo 40 ndizo watu wanazoondokea. Na mlipa kiingilio anafuata jina. Ukimpa kwa nguvu asichokijua, mwakani hata mdhamini humpati. Sharti lako litaua matamasha kabla halijazaa bendi hata moja.

Fundi mitambo, Ligula

Dakika 40 ni kosa la mpangilio, mkuu, tena linatibika. Dramu moja, ampu moja ya besi na kinanda kimoja vikae jukwaani usiku mzima, bendi zote zitumie hivyohivyo. Mpiga dramu anakuja na fimbo, sneya na simbali zake. Magitaa yanapanda yakiwa yameshatyuniwa, yote kwa tyuna ileile. Bendi ya mwisho ifanye saundi cheki kwanza na ya kwanza ifanye mwisho, ili inapoanza mpangilio wake uwe haujaguswa. Hapo kubadilishana hakuzidi dakika 15.

Kinachofanya bendi isikike vibaya kwetu ni mitambo. Inayokodishwa mjini imefungwa kwa ajili ya didjei: spika mbili za juu, subwufa mbili, mikisa ya chaneli 6 au 8, monita (spika ya mwimbaji kujisikia) hakuna. Bendi ya watu saba inataka dramu maiki nne (kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu, sneya, na mbili za juu), besi moja, solo moja, rizimu moja, kinanda chaneli mbili, tumba moja, waimbaji watatu. Hizo ni 13. Ukikodi mikisa ya 16 una tatu za akiba, na utazihitaji.

Monita isipokuwepo, mwimbaji hajisikii. Anapaza sauti, anatoka kwenye ufunguo, anaomba aongezwe. Fundi anaongeza, na kwa kuwa jukwaa ni finyu spika kubwa zimewekwa nyuma yake, mluzi unaanza. Spika kubwa zikae mbele ya mstari wa maiki, si nyuma wala sambamba. Monita ilale chini ikitazama mkia wa maiki, maana maiki nyingi za kuimbia husikia mbele na kuziba nyuma. Na mwimbaji asikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja. Akifunika matundu ya nyuma, maiki inasikia pande zote na mluzi unarudi.

Umeme sasa. Waya wa milimita za mraba 1.5 ukivutwa mita 50 na kubeba ampea 10 unapoteza volti 12 hivi njiani, wa 2.5 unapoteza kama 7. Siku ambayo umeme wenyewe uko chini, upotevu huo unazidi kuishusha volti inayofika kwenye mitambo. Mitambo iwe na laini yake, taa na mabanda ya chipsi yachukue kwingine. Ule mngurumo wa magitaa mara nyingi unatokana na jukwaa na mikisa kuchomekwa soketi za mbali mbali zenye ethi (waya wa ardhini) tofauti. Vyote vichukue umeme sehemu moja. Asije mtu akakata waya wa ethi ili kuuondoa mngurumo. Mwimbaji mwenye jasho, midomo kwenye maiki na mkono kwenye nyuzi za gitaa, anaweza kufa pale pale.

Mwanakwaya, Ndanda

Vijana wa kupiga wapo. Ukanda wa Masasi na Ndanda kwaya zimelea wapiga vinanda na besi kwa miaka mingi, na wanapiga kila Jumapili bila flashi. Wanachokosa ni pa kupigia nyimbo zao wenyewe siku nyingine za wiki.

Mpenda gitaa, Lindi mjini

Namuunga mkono Mdau, lakini nauliza: hizo bendi mbili atazichagua nani, na kwa kusikiliza nini? Tukiachia kamati iangalie video za WhatsApp tutapata wenye kamera nzuri. Simu inabana sauti na kumeza besi, haikuambii kitu.

Nendeni mazoezini. Sikilizeni kwanza mguu wa mpiga dramu na mkono wa mpiga besi: kiki na besi zikitua pamoja, bendi ipo, zikipishana, sauti nzuri ya mwimbaji haitaiokoa. Waombeni wapige dakika mbili bila mwimbaji. Kisha wapige wimbo uleule kwa sauti ya chini kabisa. Bendi changa nyingi zikipunguza sauti hupunguza na mwendo, na hapo ndipo utawajua waliofanya mazoezi. Angalieni wanavyofunga wimbo: wanafunga pamoja, au kila mmoja anaacha kwa wakati wake? Mwisho waulizeni wana nyimbo ngapi zao. Nafasi ya dakika 30 inataka tano au sita. Wakiwa na nne zao na kopi mbili za nyimbo za wengine, wapewe. Wakiwa na moja yao na kopi tano, wangoje. Kopi ni shule nzuri, lakini kupiga kazi ya mtu hadharani kunataka leseni chini ya Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999, na waandaaji wengi hawaiombi mpaka waulizwe.

Mtu wa Newala

Naongeza jambo ambalo kamati za mjini husahau. Bendi zinazonisisimua mimi ni zile zinazoingiza mapigo ya sindimba kwenye gitaa, hizo hakuna Dar atakayetuletea. Lakini ngoma ya ngozi hukazwa kwa moto. Ukifanya saundi cheki saa 10 jioni ngozi imekauka na inalia juu. Saa 3 usiku unyevu wa pwani umeshashuka, ngozi imelegea, sauti imezama, na fundi anahangaika na vitufe bure. Panapaswa kuwa na moto wa majani makavu nyuma ya jukwaa, mbali na nyaya na jenereta, ndoo za mchanga pembeni, na ruhusa yake iombwe pamoja na kibali cha tamasha. Ngoma ziwe seti mbili: moja inapigwa, nyingine inaota moto. Maiki ikae sentimita 5 hadi 10 juu ya ukingo wa ngozi. Ukiilenga katikati unapata mgoto tu, mlio wa ngoma hauingii.

Dada wa Mikindani

Jamani, mnapigania uwanja wa mpira kwa nini? Bendi ambayo haijajulikana ikipanda Nangwanda inapotea hata ikipiga vizuri. Ianzie ukumbi wa watu 200, mtu wa mwisho awe mita 15 kutoka kwa mpiga solo, aone vidole. Kinamama nasi tutakuja kama shoo inaanza saa 1 kweli na kwisha saa 4, si tangazo la saa 1 na bendi saa 5.

Promota, Masasi

Dada yangu, hapo umenigusa, lakini tuhesabu. Watu 200 kwa shilingi 5,000 ni milioni moja, ukijaa. Tuseme mitambo na fundi laki tatu, ukumbi laki moja na nusu, vibali na walinzi laki moja. Zinabaki 450,000 kwa wapigaji 14 wa bendi mbili, yaani 32,000 kila mmoja. Ukijaa nusu umekusanya 500,000 na gharama ni 550,000, bendi hazijala chochote. Nani atarudia?

Mdau wa Shangani

Basi hesabu yako ndiyo inayojibu swali, mkuu. Halmashauri au mdhamini alipie mitambo peke yake, laki tatu ile. Ukumbi ukijaa nusu gharama zinashuka hadi 250,000 na bendi zinagawana 250,000. Ukijaa wote zinagawana 750,000, zaidi ya elfu 50 kwa kila mpigaji. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya anacholipwa jina moja la flashi. Sharti la uwanjani silitoi, ila niko tayari litanguliwe na hili.

Promota, Masasi

Sharti bado nalipinga. Mitambo ikilipiwa, ukumbi nautafuta mimi. Lakini isiwe Januari mvua zimekolea na barabara za Newala na Tandahimba zinateleza. Oktoba mwishoni au Novemba, malipo ya mnada yakiwa mkononi. Fundi, una mikisa ya 16?

Fundi mitambo, Ligula

Ninayo, na monita nne. Kiti cha dramu kimevunjika, aje nacho mpigaji.