Mrejesho: c_rehash sasa inatambua .crt na .cer

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini c_rehash (skripti ya OpenSSL inayoviwekea vyeti vya kidijitali viungo vyenye majina mafupi, ili programu zivipate) kwenye seva ya ofisi yetu hapa Moshi inaona vyeti vya .pem tu, wakati tunaletewa .crt na .cer, na kubadilisha majina kila mara kunachosha.

Mkuu aliyesema ni skripti ya Perl tu, fungua uone, alipatia. Mstari unaochuja majina ya faili ulikuwa na /\.pem$/. Nimeuweka hivi: /\.(pem|crt|cer|crl)$/. Angalieni mabano. Kuna aliyependekeza /\.(pem)|(crt)|(cer)|(crl)$/, kwa macho ni kitu kilekile, ila alama ya dola (yaani jina liishie hapo) inaibana crl peke yake. Nimeijaribu kwenye folda ya pembeni, ikazoa hadi cheti.pem.bak!

Viungo vimetoka safi: herufi na tarakimu, jumla nane, kisha .0. Vya CRL (orodha ya vyeti vilivyobatilishwa) vinaishia .r0.

Ila kiendelezi hakisemi kilichomo ndani. Baadhi ya .cer zetu ni DER (muundo wa baiti, si maandishi kama PEM), skripti inatoa onyo na kuziruka. Hizo zigeuzeni kwanza: openssl x509 -inform DER -in a.cer -out a.pem. Na kila faili liwe na cheti kimoja.

Wenye OpenSSL 1.1.0 kwenda mbele msijisumbue, openssl rehash inavitambua viendelezi vyote vinne. Sisi seva ni ya kizamani, na mhasibu hataki kusikia habari ya kuihamisha kabla hajafunga hesabu.