Naomba ushauri: maji ya kalavati yanakula korongo, Bunju

Habari zenu wakuu. Naandika kwa niaba ya kamati ya mtaa wetu huku Bunju, pembezoni mwa Dar, karibu na bonde la Mto Mpiji.

Barabara ilipojengwa, maji yote ya mvua yalielekezwa kwenye kalavati moja linalomwaga korongoni. Udongo wetu ni kichanga. Kila masika ukingo unamegeka, mizizi ya miembe imebaki inaning'inia hewani, na njia ya watoto kwenda shule inazidi kusogelea nyumba za watu.

Tumepanga viroba vya mchanga, vikasombwa. Tukapanda matete, yaliyo chini yameshika vizuri, ya pale maji yanapotua hayakufua dafu. Fundi mmoja anashauri tusakafie korongo lote kwa zege. Binafsi naliogopa hilo: maji yatakimbia zaidi na kuwaumiza walio chini, na miti itakufa. Tunachotamani ni bwawa dogo la kutuliza maji, kingo za mawe na mimea, na kivuko cha miguu juu yake.

Naombeni wasanifu na wahandisi mnisaidie:

Kwenye kichanga, pale maji yanapoangukia, tuanze na gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) au nyasi za vetiva zinatosha?

Na kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa na kivuko vinahitaji kibali cha nani, na tuanzie ofisi ipi?